Msimamizi amekataa sampuli ya watu 384 kwenye utafiti wa kimaelezo. Narekebishaje?

Sura_ya_Tatu

Wakuu, habari za jioni. Ninasoma sosholojia mwaka wa tatu hapa Dar. Utafiti wangu unahusu mama lishe wa Kariakoo na mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa: kwa nini wanakopa huko ilhali masharti wanayajua, na wanaishije na marejesho ya kila siku.

Kwenye pendekezo niliandika kwamba nitatumia mkabala wa kimaelezo, yaani wa kuelewa watu kwa maneno yao badala ya takwimu. Sampuli nikaweka watu 384, dodoso la maswali 40, mengi ya kuweka tiki, na mwishoni maswali manne ya kujieleza. Nikaahidi pia majadiliano ya vikundi viwili. Msimamizi amepitisha mada, ila sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, ameirudisha na maneno haya tu: "Hii ni sarvei. Andika upya."

Naomba msaada. Nihoji watu wangapi, na idadi hiyo niitetee vipi? Mtu anayeona aibu kuzungumzia deni anahojiwaje, tena akiwa jikoni kwake? Na data ikishapatikana inachambuliwaje bila SPSS, ile programu ya takwimu? Nina wiki sita za uwandani.

Mtaa_kwa_Mtaa

Usianze na idadi. Anza na swali, maana ndilo lililokupeleka kwenye dodoso. Kama kwenye madhumuni umeandika "kubaini uhusiano kati ya kiwango cha elimu na ukopaji", hilo linataka takwimu na msimamizi ana haki ya kushangaa. Lakini hayo uliyoyaandika hapa juu, kwa nini wanakopa ilhali wanajua na wanaishije na marejesho, ni maswali ya kimaelezo kwelikweli. Majibu yake yamo katika namna mkopaji mwenyewe anavyopima mambo: nani anamdai, nani anamtegemea, aibu ipi anaiogopa kuliko nyingine. Hapo ndipo mwanasosholojia Max Weber hutajwa, kwa hoja yake kwamba sosholojia ielewe tendo kwa maana ambayo mtendaji mwenyewe analipatia. Aya moja ya Weber inatosha. Sura nyingi za tatu zina kurasa tano za falsafa, halafu mbinu zenyewe zinamalizwa kwa nusu ukurasa.

Sasa hiyo 384. Inatoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, na ni sampuli ya kukadiria uwiano katika kundi kubwa sana la watu, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Ina maana pale tu watu wanapochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Orodha ya mama lishe wote wa Kariakoo huna, na hata ungekuwa nayo hukusudii kusema asilimia ngapi wanakopa. Sampuli yako ni lengwa: unamchagua mtu kwa sababu hali yake ina kitu cha kukufundisha.

Kwa hiyo chora makundi kwanza, idadi itafuata. Kwa mada yako naona makundi haya: anayelipa bila kukwama, aliyekwama hadi vyombo vikachukuliwa, anayelipa deni kwa deni jingine, na aliyeachana na kausha damu akabaki na kikoba. Kundi la tano wengi hulisahau: mama lishe ambaye hajawahi kukopa huko kabisa ingawa biashara yake inafanana na ya wenzake. Ukihoji wakopaji peke yao, kila sababu watakayokupa itaonekana kubwa: ada ya mtoto, kodi ya chumba, kuuguza. Kumbe na asiyekopa ana ada hiyohiyo na mwenye nyumba yuleyule. Tofauti yao iko kwingine, na huioni mpaka umhoji.

Watatu au wanne kwa kila kundi wanakupa 15 hadi 20. Ongeza maafisa mikopo wawili wakikubali, na mwenyekiti wa kikoba mmoja.

Namna ya kuwapata nayo ina mtego. Njia rahisi ni mhojiwa mmoja kukuunganisha na mwingine, na kwa jambo la siri kama deni inafaa sana. Ila ukianza na mtu mmoja utaishia kuhoji marafiki waliokopa kwa afisa mmoja, kisha uandike kwamba mama lishe wote wanafanana. Ingia kwa milango minne: kijiwe, kikoba, muuza mkaa au mchele wa jumla anayewauzia, na ofisi ya serikali ya mtaa. Mlango mmoja usikuletee zaidi ya watu wanne au watano. Na ofisi ya mtaa itakupa wasemaji wazuri wenye maisha yaliyonyooka. Wahoji, lakini wasiwe nusu ya sampuli.

Hesabu_Baadaye

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila "15 hadi 20" bila sababu haitapita kwa mtahini. Kuna tafiti mbili za kushikia. Guest, Bunce na Johnson mwaka 2006 walipitia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria wakaona sehemu kubwa ya misimbo (vibandiko vya maana wanavyovipa vipande vya maneno) ilikuwa imeshajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Hennink, Kaiser na Marconi mwaka 2017 wakatenganisha mambo mawili: kwenye mahojiano yao 25, kusikia karibu mambo yote yanayotajwa kulitokea kwenye yale 9 ya mwanzo, lakini kuyaelewa kwa undani kulihitaji 16 hadi 24.

Usibebe 12 kama hirizi, hata hivyo. Wahojiwa wa utafiti wa Guest na wenzake walikuwa wanafanana kwa kiasi kikubwa na waliulizwa maswali yaleyale. Wewe una makundi matano yanayotofautiana. Andika hivi: unapanga 18, na baada ya kila mahojiano unajaza jedwali la safu tatu, yaani namba ya mhojiwa, misimbo mipya aliyoleta, na maana mpya ya misimbo ya zamani. Mahojiano matatu mfululizo yasipoleta kitu, na kila kundi likiwa na angalau watu watatu, unasimama. Jedwali hilo liweke kwenye kiambatisho, litakutetea kuliko aya yoyote.

Tahadhari moja. Data inaweza kuonekana imeshiba, yaani haileti jipya tena, mapema kwa sababu maswali ni mepesi. Watu sita wakikujibu "nilikopa kuongeza mtaji", huenda wamekupa jibu salama tu, lile wanalompa afisa mikopo wakati wa kujaza fomu. Hapo huna la kushiba; maswali ndiyo yanayohitaji marekebisho.

Daftari_la_Uwandani

Nijibu la aibu na jikoni, ndilo gumu kuliko yote.

Wiki ya kwanza usihoji mtu. Kaa, kula, angalia. Jua marejesho hukusanywa saa ngapi, afisa husimama wapi, nani anaitwa pembeni, nani hulipa kwa simu na nani mkononi, na wenzake hufanya nini wakati huo: wanageuka, wanachangiana, wanaendelea kukwangua sufuria kana kwamba hawaoni? Mambo haya hakuna atakayekueleza kwenye mahojiano kwa sababu kwao ni ya kila siku. Uwandani andika maneno machache tu ya kukumbushia, kisha usiku huohuo uyapanue. Ukilala, nusu imepotea. Gawa ukurasa mara mbili: kushoto ulichoona na kusikia, kulia unachofikiri. "Alikasirika" ni ya kulia. Kushoto ni "aliweka mwiko chini, akageuka, hakujibu".

Muda wa kuhoji. Wa chai na supu amelemewa alfajiri, wa mchana moto unawaka kuanzia saa tano hadi saa tisa kasoro. Nenda saa tisa hadi saa kumi na moja, vyombo vikioshwa na mauzo yakihesabiwa. Na usilazimishe kikao kimoja cha saa moja na nusu. Vikao viwili vya dakika 35 hadi 40 ni bora zaidi, kimoja cha biashara na maisha, cha pili cha deni, na katikati unakuwa umesikiliza rekodi ya kwanza ukajua ulipopitwa. Mengi ya maana huja kikao cha pili.

Mwongozo uwe wa ukurasa mmoja, maswali 8 hadi 10, wala usiyasome kwa mpangilio kama karani wa sensa. Swali la kwanza liwe jepesi kujibika kwa kirefu: "Nieleze siku yako ya kazi, tangu unaamka hadi unafunga." Kuhusu mkopo, epuka "Kwa nini ulichukua kausha damu?" Swali la "kwa nini" humfanya mtu ajitetee, na jina hilo peke yake ni hukumu. Yeye anaitaje mikopo hiyo? Tumia jina lake. Kisha uliza kwa tukio: "Nikumbushe mkopo wa mwisho, tangu wazo lilipokujia hadi pesa ilipofika mkononi." Baada ya hapo, "Siku marejesho yamekosekana, wa kwanza kujua ni nani?" Swali la namna hiyo linatoa mume, shoga, mtoto, mdhamini, afisa, wote kwa mpigo mmoja.

Akikwama kwa aibu, zungushia kwa wengine: "Wanawake wa hapa kijiweni hufanyaje hali ikiwa hivyo?" Wengi huanza na "wapo wanaofanya hivi", na dakika tano baadaye "wapo" imegeuka "mimi". Usimwahi. Akinyamaza, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kusema lolote. Kudodosa kuwe kufupi: "Ehe, ikawaje?" "Ukamjibuje?" Ukisema "kwa hiyo uliumia sana?" umeshamwekea jibu mdomoni, na kwenye uchambuzi utalinukuu kama lake.

Jaribu mwongozo kwa watu wawili walio nje ya sampuli. Swali wanaloomba ulirudie, liandike upya.

Rekodi: simu iwe karibu na yeye kuliko wewe, mbali na jenereta na mashine ya juisi, na ijaribu sekunde 30 kabla ya kuanza. Zima mtandao wa simu, maana simu ikiita rekodi inaweza kukatika bila wewe kujua. Kama una kifaa cha pili, kitumie. Asiyetaka kurekodiwa, usimbembeleze. Andika kwa mkono.

Kuhusu majadiliano ya vikundi, mimi ningeyaondoa. Kanuni zake unazijua: watu 6 hadi 8, dakika 60 hadi 90, muongozaji mmoja na mwandishi mmoja anayeandika nani kasema nini. Tatizo ni mada. Mikopo mingi ya akina mama hutolewa kwa kikundi, wanadhaminiana. Ukimweka mdaiwa mbele ya wadhamini wake umuulize anavyolipa, utapata maigizo, au utamwachia ugomvi utakaoendelea wewe ukiwa umeshapanda mwendokasi kurudi chuo. Kikundi kinafaa kwa swali la maadili ya pamoja, kwa mfano wanamwona nani kuwa mkopaji mwaminifu. Na hata hapo, kikundi kimoja kikitawaliwa na msemaji mmoja huna cha kulinganisha nacho, kwa hiyo viwili kwa kila aina ya watu ndiyo angalau.

Jambo la mwisho, ridhaa. Kwa mtu mwenye deni, karatasi iliyochapwa yenye nafasi ya jina, namba ya simu na sahihi inafanana na mkataba wa mkopo. Wapo watakaokukimbia kwa sababu hiyo tu, na wapo watakaosaini haraka bila kusoma, jambo ambalo ni baya zaidi. Fikiria ridhaa ya mdomo. Na useme wazi mapema kwamba hutoki kampuni ya mikopo, hutoki TRA wala manispaa, na kwamba utafiti huu hautawapunguzia deni. Hilo la mwisho usilipambe.

Sura_ya_Tatu

Asanteni sana, nimeshafuta vikundi. Mawili bado. Ridhaa ya mdomo inakubalika chuoni? Na jamaa mmoja ananishauri niandike kwamba uchambuzi utafuata nadharia itokanayo na data ya Glaser na Strauss, eti wasimamizi wanaipenda. Mimi nimeshaandika maswali na nadharia yangu nimeshaichagua.

Mama_Misimbo

La Glaser na Strauss achana nalo. Mkabala wao wa 1967 unataka ukusanye na kuchambua kwa wakati mmoja, na kinachojitokeza kwenye uchambuzi ndicho kiamue unamhoji nani tena, mpaka nadharia ijengeke. Wewe una makundi uliyoyapanga mapema, nadharia mkononi na wiki sita. Ukiandika jina hilo, mtahini atakuuliza nadharia uliyoijenga iko wapi. Andika uchambuzi wa dhamira, yaani wa kutafuta maana kuu zinazojirudia kwenye data, kwa hatua sita za Braun na Clarke, 2006, na uzifuate kweli.

Panga muda kwanza, maana wengi hukwama kwenye kunukuu rekodi. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno. Watu 18 kwa jumla ya dakika 70 kila mmoja ni saa 21 za sauti, yaani kama saa 100 za kuandika. Zikiachwa zote mwishoni huzimalizi. Andika kila mahojiano ndani ya siku mbili. Usifute "mmh", vicheko na kunyamaza, viweke kwenye mabano, kwa sababu kicheko katikati ya habari ya deni ni data. Usitafsiri kwa wakati huo. Kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza, weka misimbo kwenye Kiswahili kilekile alichosema, utafsiri nukuu utakazotumia tu.

Msimbo ni kibandiko kifupi unachokipa kipande cha maneno. Mfano wa kutunga: "Asubuhi nalipa wa kwanza, jioni nachukua kwa wa pili nimlipe wa tatu, mzee wa nyumbani anajua mmoja tu." Hapo kuna misimbo isiyopungua mitatu: kulipa deni kwa deni, kupanga wadai kwa saa za siku, kumficha mume baadhi ya madeni. Ona kwamba sijaandika "changamoto za mikopo". Msimbo mpana kiasi hicho utabandikika kila mahali na hautakueleza chochote. Weka misimbo mahojiano matatu ya mwanzo, tengeneza orodha yenye maana ya kila msimbo kwa sentensi moja, kisha endelea na mengine huku ukirekebisha. Kuishia na misimbo 40 hadi 70 ni kawaida. Ukifika 200 unabandika kila sentensi.

Kutoka kwenye misimbo kwenda kwenye dhamira ndipo kazi nyingi zinapovunjika. "Sababu za kukopa", "athari za mikopo", "mapendekezo ya wahojiwa": hizi si dhamira, ni maswali yako mwenyewe yamerudi yakiwa vichwa vya habari. Dhamira inasema kitu kinachoweza kubishiwa. Mfano, "mkopo hununua siku moja zaidi ya heshima mbele ya wateja na majirani". Ukishaiandika, itafute inapovunjika: nani kati ya wale 18 hakubaliani nayo, na kwa nini? Mhojiwa huyo mpe aya yake kwenye ripoti. Wanafunzi humficha wakidhani anaharibu matokeo, kumbe msomaji makini anamtafuta yeye.

Dhamira tatu hadi tano zinatosha kwa kazi ya shahada ya kwanza. Na tafadhali, usiandike "asilimia 61 ya wahojiwa" ukiwa na watu 18 uliowachagua mwenyewe. Sema "wengi wa waliokwama" au "watatu kati ya wasiokopa", imetosha.

Programu si lazima. NVivo na ATLAS.ti ni za kulipia na hazifikirii kwa niaba yako. Taguette ni ya bure na inaweka misimbo vizuri. Hata Excel inafaa: kipande, namba ya mhojiwa, msimbo, maoni yako.

Kwenye ubora wa utafiti, usinakili "uhalali na uthabiti" wa sarvei. Tumia vigezo vinne vya Lincoln na Guba, 1985: kuaminika, kuhamishika, kutegemeka na kuthibitishika. Ila kila kimoja kiambatane na kitendo. Kuaminika: vikao viwili, uangalizi wa wiki ya kwanza, na kurudisha tafsiri yako kwa wahojiwa wawili watatu wakuambie umekosea wapi. Kuhamishika: eleza kijiwe, bei, saa na masharti ya mikopo kwa undani kiasi kwamba mtu wa Mbagala au Mwenge aweze kupima kama yanamhusu. Viwili vilivyobaki vinabebwa na daftari la maamuzi, yaani tarehe, ulibadilisha nini, kwa nini.

Majina ya bandia peke yake hayafichi mtu. "Mama Neema, muuza makange pekee mtaa fulani, mjane mwenye mapacha" anajulikana na Kariakoo nzima, pamoja na afisa wake wa mikopo. Badilisha au ondoa maelezo yasiyobeba hoja. Orodha inayounganisha majina ya kweli na ya bandia ikae mbali na maandishi ya mahojiano, na simu iwe na nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, itaje kwenye sehemu ya maadili.

Hesabu_Baadaye

Ridhaa ya mdomo inakubalika kama kamati ya maadili imeipitisha kabla hujaingia uwandani. Baada ya hapo ni kosa. Ambatisha maneno kamili utakayomsomea, yasizidi dakika mbili. Washa rekodi, msomee, akubali kwa sauti, kisha muachie karatasi yenye namba yako na ya idara, isiyo na nafasi ya sahihi. Mwambie anaweza kuruka swali au kuacha kabisa, na tarehe ya mwisho ya kukuomba ufute maneno yake.

Fidia ya muda pia iandike kwenye pendekezo, kiasi kimoja kwa wote. Ukianza kumpa huyu elfu tano na yule elfu kumi, kijiwe kizima kitajua kabla hujamaliza kufungua daftari.

Mtaa_kwa_Mtaa

Na vibali, kabla hujasahau. Barua ya utambulisho ya chuo kwa kawaida inashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya au Halmashauri ya Jiji (Kariakoo iko huko), mtendaji wa kata, mwisho serikali ya mtaa. Kila ngazi inagonga mhuri au kuandika barua ya kukupeleka mbele, na inaweza kula wiki mbili, kwa hiyo ianze sasa wakati unaandika upya sura ya tatu, isije ikala hizo wiki sita. Wanaouza ndani ya eneo la soko lenyewe, omba pia kwa uongozi wa soko. Tembea na nakala tano na kitambulisho cha chuo. Ukifika kijiweni barua mwonyeshe mama mwenyewe, ukiwa peke yako. Ukisindikizwa na mjumbe au mgambo, hayo mahojiano yahesabu yameshaharibika.